Siku kumi Bujumbura na bibi, watoto watatu na orodha ya baba

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Sisi tuko Ujiji. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunataka kwenda Bujumbura siku kumi: mimi, mume wangu, watoto watatu (binti wa miaka 13, wa kiume miaka 9 na mdogo miaka 4) na mama mkwe wangu mwenye miaka 71. Mdogo wake aliolewa huko, anaishi Buyenzi, na hawajaonana miaka kumi na moja. Mume wangu ameshaandika orodha ya sehemu tisa za kutembelea, zikiwemo Gitega, chanzo cha Nile na Rusizi, na anataka twende na gari letu. Mimi nataka tupumzike. Mama ana presha na miguu humvimba akikaa sana. Hatujawahi kuvuka mpaka. Tufanyeje? Mama Watatu, Ujiji."

Marahaba, mwanangu. Mumeo mpe salamu zangu. Orodha yake nimeisoma mara mbili, na ni nzuri kwa kijana anayesafiri peke yake na begi moja mgongoni. Kwa msafara wenu nitaifyeka mpaka zibaki sehemu nne, naye asinichukie. Sababu umeiandika mwenyewe katikati ya barua, tena kwa kupitia tu: ndugu wawili hawajaonana miaka kumi na moja. Safari hii ni ya bibi wawili. Ninyi wengine ni wasindikizaji, na mkilikubali hilo kabla hamjatoka Ujiji, maswali yako mengi yanajijibu.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kulikosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanga safari za familia kuvuka mpaka wa Manyovu nilichukua watu saba, nikawawekea sehemu mbili kila siku. Siku ya tatu tulirudi kutoka Gitega saa tatu usiku. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima, alikuwa amepika pilau tangu mchana, akatandika mkeka, akawaita majirani waje kuwaona wageni wake. Majirani walikuja, wakakaa, wakaaga. Tulimkuta ameketi peke yake kando ya sinia lililofunikwa kawa. Hakulalamika. Alifunua akasema "karibuni", na sisi tulikuwa tumeshashiba mishikaki ya njiani. Tulikula hivyo hivyo, kila mtu anatazama chini. Mpaka leo nikiona kawa namkumbuka yule mama.

Tuanze na karatasi, maana June haiko mbali kama inavyoonekana. Burundi na sisi tumo Jumuiya moja ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo hamlipi visa. Lakini kutolipa visa hakuna maana ya kuvuka na kitambulisho cha NIDA mkononi. Kila mmoja, hata huyo wa miaka minne, anahitaji hati yake mwenyewe: pasipoti au hati ya dharura ya safari, zote kutoka Uhamiaji. Pasipoti ya kawaida ada yake ni shilingi 150,000, na ninyi mko sita, piga hesabu. Ushauri wangu ni wewe na mumeo mchukue pasipoti, maana mtu mzima hukaa nayo miaka 10, na bibi na watoto waende na hati ya dharura, ambayo ni nafuu zaidi na kwa safari ya Burundi inatosha.

Sisi wa mikoa ya mpakani huulizwa habari za uraia kuliko mtu wa Morogoro. Mtaulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizaliwa wapi, na majina ya vyeti lazima yafanane herufi kwa herufi. Kama cheti cha mtoto kinasema "Juma" na cha baba kinasema "Jumaa", hiyo moja inaweza kula wiki mbili. Angalieni vyeti leo usiku, wote sita, mviweke juu ya meza mvisome. Ikitokea mumeo akabanwa na kazi ukavuka peke yako na watoto, beba barua yake ya ridhaa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Na kama kwenye msafara kuna ndugu yeyote aliyeandikishwa kambini kama mkimbizi, asipande gari nanyi hivi hivi. Kwenda kutembea nchi aliyoikimbia kunaweza kumharibia hadhi yake. Kwanza azungumze na wanaosimamia shauri lake.

Halafu kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowarudisha watu wengi wakiwa wamefika kabisa, kwa kuwa wanadhani ni ya wanaopanda ndege. Burundi wanaitaka, na mkirudi mtaulizwa na huku. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja siku ya kuamkia safari ni kazi bure. Habari njema ni kwamba tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Bibi wa miaka 71 asipelekwe kwenye foleni ya chanjo kama mtoto wa shule: kwa waliopita miaka 60 na hawajawahi kuchanjwa, daktari humtazama kwanza, ana maradhi gani na anatumia dawa gani, ndipo aamue. Akiona haifai, humwandikia cheti cha kumsamehe, nacho hubebwa pamoja na hati yake.

Dawa zake za presha zihesabuni za siku 15, si 10. Zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari. Bima ya huku haitamlipia hospitali kule, kwa hiyo tengeni fedha ya dharura ambayo hata mume akiona kitenge kizuri haigusi. Malaria ni ileile ya huku kwetu. Bebeni vyandarua viwili, maana hamjui nyumba ya mwenyeji ina vitanda vingapi.

Sasa gari. Liacheni Ujiji.

Najua mumeo atasema gari ni uhuru. Kwa miaka kadhaa sasa mafuta ya petroli Burundi yamekuwa ya kusaka. Magari hulala kwenye foleni ya kituo, na nimeona baba wa familia akimaliza siku mbili za likizo yake akiwa ameegemea usukani. Pili, kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Gari lenu usukani wake uko kulia, kwa hiyo akitaka kulipita lori hatakuwa anaona kinachokuja, wewe uliyekaa kushoto ndiye utakuwa macho yake, na kila mara atakuuliza "kupo?" huku mdogo analia nyuma. Tatu kuna bima ya gari ya kuvukia mpaka iitwayo Yellow Card (siyo ile kadi ya njano ya chanjo), kadi ya gari na karatasi za forodha. Akiwa bado hajashawishika, mwambie hivi: dereva halali mchana, na yeye anakwenda likizo.

Chukueni gari la kukodi au Noah kutoka Kigoma mpaka Manyovu. Mnapita Mwandiga, mnaiacha njia ya Kasulu, ni lami, kilomita kama 60 kupanda milima. Manyovu ni juu na asubuhi kuna baridi ya kweli, kwa hiyo sweta la bibi liwe begani mwake, lisiwe chini ya mabegi sita. Mnagonga mhuri wa kutoka, mnavuka, upande wa pili panaitwa Mugina. Hapo awasubiri dereva wa Kirundi aliyetafutwa na ndugu zenu wa Buyenzi, mtu wanayemjua, mwenye mafuta ya kwenda na kurudi, na bei imepatanwa kabla. Huyo mtalipa zaidi kidogo ya basi, na kwa miguu ya bibi kila senti ni halali.

Kutoka Mugina mnateremka kupitia Mabanda mpaka Nyanza-Lac, na hapo watoto watapiga kelele: ziwa! Ni Tanganyika lilelile, liko kushoto kwenu, na litakuwa kushoto kwa zaidi ya kilomita 120 mpaka Bujumbura. Simameni Rumonge. Ni mji wa michikichi na mawese, Kiswahili kinasemwa sokoni kama Mwanga ya Kigoma, na ni karibu nusu ya njia. Bibi ashuke atembee dakika 20, asije akatoka garini Bujumbura na miguu kama magogo mbele ya mdogo wake. Mkikaribia Gitaza mlima unaibana barabara ziwani. Masika udongo huporomoka hapo, mwaka 2015 uliwahi hata kuikata njia, lakini June ni kiangazi, mtapita mkitazama mandhari.

Kitu kimoja kitawachanganya siku mbili za kwanza: saa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, ingawa jua ni lilelile na ziwa ni lilelile. Ujiji mmezoea jua kuzama karibu na saa moja jioni. Bujumbura jua hilohilo litazama wakati saa ya ukutani inasema saa kumi na mbili. Simu zenu zitajibadilisha zenyewe, nyingine zitakataa, na kule mpakani zitarukaruka kati ya mitandao miwili. Mkipatana na dereva, muulize: saa ya hapa au saa ya kwetu? Mama mkwe wako hatasumbuka hata kidogo. Yeye saa yake ni adhana.

Buyenzi yenyewe haitawapa ugeni mkubwa. Ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura: misikiti, mafundi magari, vibanda vya chai, mama wa kanga mlangoni, na nyumba zinatajwa kwa namba za avenyu. Wengi wa wazee wa pale wana mtu Ujiji au Kigoma, na kabla hamjafungua mabegi mtakuwa mmeshaulizwa "wewe ni wa nani?" mara kumi. Jibuni kwa jina la babu, msijibu kwa jina la mtaa. Kiswahili chao kina Kirundi na Kifaransa ndani, na watoto wenu watacheka, wacha wacheke, baada ya siku tatu watakuwa wanakisema. Mkiwa mnajua Kiha mtashangaa mnavyoelewa Kirundi. Wafundishe tu "amahoro" kwa salamu na "murakoze" kwa asante. Sokoni Ruvumera bei nyingine hutajwa kwa Kifaransa, na cha kule ni cha Kibelgiji: sabini ni septante na tisini ni nonante. Binti yako aliyeanza Kifaransa shuleni atabishana na muuzaji, na atakuwa amekosea yeye.

Fedha ni faranga za Burundi. Bei ya kubadilisha benki na bei ya mitaani huachana mbali sana, na hapo ndipo wageni wanapoponzwa, ama kwa noti bandia ama kwa kukamatwa. Badilisheni mahali penye leseni, kidogo kidogo. Wallet za simu za huku msizitegemee kulipia sokoni kule. Nunueni laini moja ya kule kwa nyumba nzima, inatosha.

Sasa siku kumi zenyewe. Siku mbili za mwanzo msiende popote. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Bibi wawili waliokaa miaka kumi na moja bila kuonana wana wafu wa kuhesabiana, na hesabu hiyo haifanywi kwa haraka. Watakaa barazani, mmoja atataja jina, mwingine atashika mdomo, watanyamaza, halafu watacheka jambo la mwaka ambao wewe hujazaliwa. Mpeni binti yenu kazi: achukue daftari aandike majina ya watu wa ukoo, nani kamzaa nani, nani yuko Rumonge, nani Kasulu, nani Uvira ya Kongo. Siku hizo mbili bibi hao watasema mambo ambayo mwaka mzima wa simu hayasemeki, na bila kuandikwa yataondoka nao.

Baada ya hapo, mwendo uwe siku moja ya kutoka, siku moja ya kukaa. Ya kwanza kutoka iwe fupi: jiwe la Mugere, kama kilomita 10 kusini mwa mji, mlilipita mkija. Ninyi watu wa Ujiji mmekua na habari za Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871 chini ya mwembe. Huko Mugere kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe, 25-XI-1871. Na wenyeji wapo watakaowaambia kwa uso mkavu kwamba walikutania hapo! Msigombane. Ukweli ni kwamba walikutana kwenu, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuelekea kaskazini kwenda kuutazama mto Rusizi: je, unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, huenda ndio ungekuwa Nile. Wakakuta unaingia. Njiani walilala hapo Mugere siku mbili. Mwanao wa miaka 9 mwulize swali hilo kabla ya kufika, akiwa anatazama ziwa, usimpe jibu. Siku nyingine mkienda Tabora mpelekeni Kwihara kwenye tembe, walikokwenda wawili hao baadaye, atakuwa ameikamilisha njia yote. Bibi wote wawili waje Mugere. Ni karibu, na nje ya gari ni hatua chache.

Ya pili iwe Gitega, na hii bibi wabaki nyumbani. Ni kama kilomita 100 za kupanda. Kule Bugarama kuna ukungu na akina mama wa karoti na kabichi kando ya njia, lakini mtoto wako mdogo hatatazama karoti, atatazama baiskeli. Vijana wa baiskeli hushika mkono mmoja nyuma ya lori wakavutwa mlima mzima. Wakirudi wanateremka na mikungu ya ndizi iliyofungwa mpaka huoni mpanda, unaona ndizi zinakimbia zenyewe. Ni hatari, watu hufa, na dereva wenu asiendeshe karibu nao. Ondokeni alfajiri, rudini kabla ya giza.

Gitega ndiyo makao makuu ya nchi tangu 2019. Makumbusho ya taifa pale yalianzishwa 1955, ni madogo, saa moja inatosha. Mlichoendea ni Gishora, kilomita chache nje ya mji, kwenye ngoma za mfalme, mahali panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani na wanazipiga hukohuko kichwani, mtu anatembea huku mti wa kilo nyingi uko juu yake na mikono inafanya kazi. Ngoma huchongwa kwa mti unaoitwa umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma. Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, kwa hiyo msimkaribie mpigaji kama anayetumbuiza harusini. UNESCO waliiingiza sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Pataneni bei kwa simu kabla, ya kikundi kizima, isiwe ya kila kichwa. Na binti yako mwandae mapema: akiomba ajaribu fimbo ataambiwa hapana, kwa kuwa amri ya rais ya mwaka 2017 imewakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Atauliza kwa nini, nawe mjibu unavyoona. Mimi wangu aliponiuliza sikuwa na jibu la kumtosha.

Ya tatu ni mjini, jioni, kaburi la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore juu ya kilima. Aliuawa 13 Oktoba 1961, wiki chache baada ya chama chake kushinda uchaguzi, na hakuiona siku ya uhuru, 1 Julai 1962. Hata asiyejali historia atapenda kusimama pale: mji wote chini yako, ziwa, na ng'ambo milima ya Kongo inageuka bluu. Kama safari yenu itagusa tarehe 1 Julai mtakuta gwaride na ngoma bila kwenda Gitega, ila barabara nyingi hufungwa. Asubuhi ya siku hiyohiyo ya kaburini wapelekeni watoto Musée Vivant, bustani ya wanyama, wakaone mamba wakiwa nyuma ya ukuta. Nasema nyuma ya ukuta kwa sababu watoto wa Buyenzi watakuwa wameshawasimulia wenu habari za Gustave, mamba mkubwa wa Rusizi aliyesemwa kula watu wengi, na kila msimuliaji humwongeza urefu.

Ya nne, kesho yake bila siku ya kukaa katikati, ni ufukweni, upande wa Saga, na hapa niruhusu nikae kidogo. Agizeni mukeke. Ataletwa mzima, amepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama msahafu juu ya kirihali, amechomwa kwa makaa mpaka ngozi imekuwa na malengelenge madogo, juu yake vitunguu vilivyolainika, pembeni ndizi za kukaanga na kisahani cha pilipili. Mama mkwe atachambua nyama ya shavuni kwanza, kama afanyavyo mtu yeyote wa Ujiji, ataionja, atasema: "Si mgebuka huu?" Ndiye. Mukeke wao na mgebuka wetu ni samaki mmoja, kama ndagala wao ni dagaa wetu. Hapo bibi wawili wataanza ubishi wa nani anamjua zaidi kumchoma, na huo ubishi, kwa maoni yangu, una thamani kuliko nusu ya orodha ya mumeo. Watoto wasiogelee mbali, wala pale penye nyasi, maana kuna kichocho na kuna viboko. Jua likizama ondokeni mchangani kabisa, viboko hupanda kula majani usiku na hawana mzaha na mtu aliyewakata njia ya maji.

Nilizofyeka ni hizi. Chanzo cha Nile kule Rutovu ni kweli kipo, na piramidi ndogo ya mawe ya mwaka 1938 ipo juu ya kilima, lakini ni siku nzima milimani kwenda kutazama maji membamba ambayo mtoto wa miaka 4 atauliza kama ni bomba. Mumeo akirudi peke yake mwaka mwingine, aende. Hifadhi ya Rusizi nimeitoa kwa sababu nyingine: iko upande wa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, na hali ya upande huo hubadilika wiki hadi wiki. Wenyeji wakiwaambia asubuhi hiyo kuko shwari, nendeni mkatazame viboko mrudi. Wakisitasita hata kidogo, msiende, na Uvira msivuke hata kama kuna ndugu. Ndugu ndio waje Buyenzi. Maporomoko ya Karera yapo Rutana, mbali na njia yenu. Hayo mengine mawili aliyoyaandika ni hoteli, na sijui kwa nini yamo.

Jumamosi asubuhi msipange safari yoyote. Ni muda wa kazi za pamoja za jamii, magari husimamishwa mpaka karibu na mchana. Wenye busara hutoka na jembe pamoja na wenyeji, na mwanao wa miaka 9 atakumbuka jembe hilo kuliko makumbusho. Picha pigeni za watu wenu na ziwa. Askari, mpakani, madaraja na majengo ya serikali, simu ibaki mfukoni.

Zawadi: msibebe dagaa. Mtakuwa mmepeleka maji ziwani. Chukueni doti mbili nzuri za kanga kwa bibi wa Buyenzi, na jina la kanga alichague mama mkwe mwenyewe, maana litasomwa mtaa mzima. Ongezeni asali ya Tabora, iwe kwenye dumu lililofungwa vizuri na kuvishwa mfuko, nimeshaona begi la nguo lililoloa asali. Lakini zawadi kubwa ni ya jikoni. Watu sita siku kumi si mzigo mdogo kwa nyumba yoyote, na bei za kule zimepanda. Fedha ukimpa mwenyeji mbele ya watu atakataa kwa kiapo. Wewe siku ya kwanza jioni ingia jikoni na wifi yako, uliza "kesho tunapika nini?", halafu asubuhi mkaende sokoni wote wawili na ulipe wewe, mchele, mafuta, mkaa na sukari, vya wiki nzima. Hapo hakuna wa kukataa, ununuzi umeshafika mlangoni. Msimbebeshe bibi mwenyeji kupika. Yeye kazi yake kwa siku hizo kumi ni kukaa na dada yake.

Siku ya tisa iwe tupu. Mumeo ataiona tupu akataka kuijaza, mkatalie. Bibi wawili watakuwa wanaanza kuagana tangu asubuhi ingawa mnaondoka kesho, na safari hii mama mkwe asisikie honi nje wakati bado ana neno la kusema. Siku ya kumi ondokeni mapema, siyo Jumamosi, kadi za njano na hati zote kwenye mfuko mmoja mikononi mwako wewe, maana nakwambia ukweli, mumeo ataziweka ndani ya begi lililo chini kabisa.

Mkishagonga mhuri Manyovu, msisahau kuzisogeza saa mbele. Mwenye Noah wa kuwarudisha Ujiji atakuwa anawasubiri kwa saa ya kwetu.